Mayai ya kambale yanaota pamba: kabla ya dawa, tazama saa

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina kituo kidogo cha vifaranga vya kambale huku Igombe, Mwanza. Nauzia wafugaji wa mabwawa na wavuvi wa ndoano wanaotafuta chambo cha sangara. Tangu Juni mayai yananiota kitu cheupe kama pamba. Wiki iliyopita jike la kilo mbili lilinipa vifaranga wasiofika elfu tatu. Namchoma jike homoni ya kuivisha mayai saa mbili usiku, nakamua mayai saa kumi alfajiri kama tulivyofundishwa kwenye semina. Maji nayavuta ziwani, asubuhi yanasoma nyuzi 22 au 23. Nimetia chumvi, wapi! Jamaa wa dukani ana unga wa kijani, anasema ndiyo kiboko yake. Halafu kaka yangu aliyeko Tanga, ananenepesha kaa, anasema hata matumbawe ya baharini yanaugua ukungu. Ni ukungu huo huo? Nitumie dawa gani?

JIBU: Marahaba. Nianze na unga wa kijani, maana huo una haraka kuliko mengine: usiununue. Karibu kwa uhakika hiyo ni malakiti ya kijani, rangi ya kutia nguo. Inaua ukungu kweli, na ndiyo sababu bado inazunguka madukani chini chini. Tatizo ni kwamba ikiingia mwilini mwa samaki hugeuka kuwa umbo lisilo na rangi linalojificha kwenye mafuta na kukaa humo muda mrefu, na inashukiwa kusababisha saratani. Ulaya na Marekani hairuhusiwi kwa samaki wa kuliwa. Watu wa Mwanza hawahitaji kukumbushwa mwaka 1999, Ulaya ilipofunga mlango kwa samaki wa ziwa hili kwa sababu ya waliokuwa wakivua kwa sumu. Chambo chako kinaishia kinywani mwa sangara, na sangara huyo safari yake ni kiwandani.

Sasa pamba yenyewe. Kwa maelezo yako, hiyo ni saprolegnia, kiumbe wa majini anayeota kama ukungu. Hakikisha hivi: chukua yai lililoota, liache ndani ya maji kwenye kisahani cheupe, litazame kwa lenzi ya mkono ya kukuza mara 10. Ukiona nyuzi nyembamba zimesimama pande zote kama manyoya ya kifaranga cha kuku, ndiyo yenyewe. Litoe nje ya maji: nyuzi zote zinalala na kuwa kama kamasi. Kama ni utando wa kahawia usio na nyuzi, hilo ni tope na bakteria, na kinachotakiwa hapo ni kuchuja maji. Kuna pia mdudu wa seli moja aitwaye epistilisi anayejipanga kwenye mayai akaonekana kama pamba fupi. Kwa darubini anafanana na kengele iliyosimama juu ya kikonyo. Akiwepo huyo, maji yako yana uchafu mwingi wa kuoza.

Saprolegnia tunaiita ukungu kwa mazoea, lakini si ukungu wa kweli. Ukuta wa seli zake umejengwa kwa vitu viitwavyo selulosi na glukani, si kwa kitini kinachojenga ukuta wa seli za uyoga, na kiukoo iko karibu na mwani wa kahawia kuliko uyoga. Jambo hili lina maana kwako mfugaji: dawa nyingi za fangasi za binadamu zimetengenezwa kushambulia vitu ambavyo kiumbe huyu hana, kwa hiyo usipoteze hela kwenye krimu na vidonge vya duka la dawa. Inazaliana kwa vijimbegu vinavyoogelea, kila kimoja na mikia miwili, vidogo kiasi kwamba vinapita kwenye kichujio chochote cha mchanga utakachojenga. Vimo ziwani mwaka mzima. Huwezi kuvichuja, na huwezi kuvimaliza.

Vijimbegu hivyo vinafuata harufu ya protini inayovuja, na yai linalovuja ni yai lililokufa. Vinatua hapo, vinaota, halafu nyuzi zinatambaa kwenda kwa jirani aliye hai, zinamfunika na kumkosesha hewa. Yai zima lenye ngozi imara, lenye maji yanayopita, mara nyingi linaishinda saprolegnia mpaka linaangua. Kwa hiyo swali langu kwako ni hili: kwa nini una mayai mengi yaliyokufa?

Na jibu umeliandika mwenyewe bila kujua. Umechoma saa mbili usiku, umekamua saa kumi alfajiri. Hizo ni saa 8. Saa 8 ni za maji ya nyuzi 28. Semina yenu huenda ilifanyika mahali penye maji ya moto, au mwalimu alitaja saa akasahau kutaja joto. Kambale hatazami saa ya ukutani, anafuata joto la maji aliyomo. Kuanzia sindano mpaka mayai kuiva, kwa nyuzi 28 ni kama saa 8. Kwa 26 ni saa 10, kwa 25 ni 11, kwa 24 ni 12. Kwa 23 inafika saa 13 na nusu, kwa 22 ni saa 15 na nusu, na kwa 20 ni kama saa 21. Jike wako wa wiki iliyopita ulimkamua akiwa amebakiza saa tano, sita, hata saba.

Jike aliyekamuliwa mapema unamjua kwa mkono. Inabidi ubonyeze kwa nguvu, mayai yanatoka kwa mafungu yaliyoshikana, mara nyingine na damu. Aliyeiva, ukimpapasa tumbo kidogo tu kuelekea mkiani mayai yanamiminika yenyewe, makavu, yameachana moja moja, rangi ya kijani inayokwenda kahawia, kila moja kama punje ya uwele. Ukilazimisha, acha. Mrudishe kwenye maji, umjaribu tena baada ya saa moja. Na usivuke sana upande wa pili: mayai yaliyopitiliza yanatoka na majimaji, mengi yameanza kupauka, nayo hayarutubiki. Dirisha la kukamua ni fupi.

Unaweza kupasha maji ya jike. Kuinua lita 200 kutoka nyuzi 22 hadi 26 kunakula karibu uniti moja ya LUKU, ukiacha joto linalopotea. Lakini usiku maji yanapoa, umeme unakatika, joto linapanda na kushuka, na hapo hata hesabu ya saa inakufa. Mimi ningeyaacha maji yalivyo nikasogeza sindano. Ukitaka kukamua saa mbili asubuhi na maji ni nyuzi 22, choma saa kumi na nusu jioni. Nunua kipimajoto, kitumbukize kwenye tangi la jike lenyewe (si ziwani), soma jioni, usiku wa manane na alfajiri, upige hesabu kwa wastani wa hizo tatu. Asubuhi peke yake haitoshi.

Baridi inakuumiza mara ya pili kwenye kuangua. Kwa nyuzi 28 mayai yanaangua baada ya kama saa 22, kwa 25 saa 27, kwa 23 saa 33, kwa 22 saa 38. Saprolegnia haisumbuliwi na nyuzi 22, inastawi tu. Umeipa yai bovu kwa wingi, halafu umeiongezea saa 16 za kula. Ndiyo maana tatizo lako lilianza Juni.

Sasa mezani. Jike wa kilo mbili aliyeiva hutoa gramu 200 hadi 400 za mayai, na gramu moja ina mayai 600 hadi 700. Hata ukichukua gramu 200 tu, hayo ni mayai laki moja na thelathini elfu, kwa hiyo elfu tatu zako hazifiki asilimia tatu. Hakuna dawa ya ukungu duniani inayoziba pengo hilo.

Beseni la kukamulia liwe kavu kabisa, na tumbo la jike lifutwe kwa taulo kavu, maana tone la maji likigusa mayai yanaanza kufunga mlango wa mbegu kabla mbegu haijafika. Korodani za dume zikatwe vipande, manii yakamuliwe juu ya mayai kupitia kitambaa, yakiongezwa maji ya chumvi ya 0.9% (gramu 9 kwa lita). Changanya kwa unyoya wa kuku. Ndipo umimine maji safi kiasi cha kufunika mayai, ukoroge polepole sekunde 60 hadi 90. Manii ya kambale yakishaguswa na maji safi yanachangamka kwa muda mfupi sana, halafu basi. Baada ya hapo mayai yanaanza kunata, na ni lazima yawe tayari yanaelekea kwenye fremu.

Fremu ni mahali ambapo vituo vingi vya ziwani vinakosea. Mayai yanamwagwa kwa mafungu, yai juu ya yai, yale ya katikati yanakosa hewa na kufa, na fungu zima linageuka mpira wa pamba. Tandaza safu moja. Chandarua chenye matundu ya milimita moja na kidogo, kilichovutwa kwenye fremu ya bomba, kinafaa sana. Kadiria gramu 100 hadi 150 kwa mita moja ya mraba: gramu 150 ni mayai kama laki moja, yaani kumi kwa kila sentimita ya mraba, bado yanaachiana nafasi. Fremu ielee sentimita tano chini ya uso wa maji. Vifaranga wakiangua wanapenya chini, mayai mabovu yanabaki juu, unanyanyua fremu nzima na uchafu wake unaondoka nayo. Iondoe mara tu wengi wameshuka. Ukiacha mpaka kesho yake, vifaranga wanalala chini ya shamba la ukungu.

Maji ya ziwa hayana ubaya yakipita kwenye pipa la kokoto na mchanga, kisha kitambaa kizito. Kichujio hicho ni cha tope na mwani, kwa sababu yai lililofunikwa tope halipumui. Maji yakiwa ya kijani kama rangi, kama yanavyokuwa ghuba inapochachuka mwani, usitotoleshe siku hiyo. Maji ya kisima yaachwe yapigwe hewa kwa siku nzima kwanza, maana hutoka chini yakiwa na hewa kidogo, na yenye chuma huacha kutu juu ya mayai. Ya bomba vilevile, mpaka klorini itoke. Mtiririko wa lita mbili au tatu kwa dakika kwenye birika dogo la kutotoleshea unatosha, nao utoke kwenye tangi lililoinuliwa ili TANESCO wakikata maji yaendelee kushuka yenyewe. Pampu ya hewa peke yake ni kucheza kamari na umeme.

Baada ya saa 10 hivi tangu kurutubisha (kwa maji yako ya baridi ngoja 14), chukua mayai 100 bila kuchagua, hesabu meupe. Yaliyokufa yanapauka kama wali, yaliyo hai bado yanapitisha mwanga. Meupe 20: uko vizuri, unaweza hata kuacha dawa. Meupe 40 au 50: dawa itakusaidia. Meupe 80: mwaga, osha, lala. Kuwatibu 20 waliobaki katikati ya maiti 80 ni kazi isiyolipa.

Dawa zenyewe ni mbili za maana. Ya kwanza ni haidrojeni peroksaidi, ile ya duka la dawa ya kusafishia vidonda, ambayo ikimaliza kazi inavunjika kuwa maji na oksijeni. Kiwango cha mayai ya samaki wa maji ya joto ni miligramu 750 hadi 1,000 kwa lita, dakika 15. Mayai ya kambale yana ngozi nyembamba na yanakua haraka, kwa hiyo anza na 500. Soma chupa: ya 6% ina miligramu 60 kwa kila mililita, ya 3% ina 30. Ukitibu birika zima la lita 200 utamaliza duka. Badala yake andaa beseni la lita 20, tia mililita 167 za ile ya 6% (au 334 za 3%), koroga, uzamishe fremu dakika 15 kwa saa, kisha irudishe taratibu. Mayai machanga hayapendi kutikiswa, kwa hiyo fremu uibebe kama sufuria iliyojaa uji.

Ya pili ni fomalini, ile ya 37%. Mililita 1 kwa lita, dakika 15, yaani mililita 20 kwa beseni lile lile, na jiwe la hewa ndani kwa sababu fomalini inapunguza oksijeni. Ina nguvu, ni rahisi, na inachoma macho, mapafu na ngozi. Vaa glavu, fanya kazi nje, usiinamie beseni. Ikiwa na mashapo meupe chini ya chupa, usiitumie, imeshageuka kuwa sumu kali zaidi kwa samaki. Maji yake yasimwagwe ziwani. Nikichagulia kituo cha watu wawili chenye watoto wanaokatiza, nachagua peroksaidi.

Dawa yoyote, kwanza ijaribu kwa mayai mia kwenye bakuli. Kwa maji ya nyuzi 26 mara moja inatosha, kama saa 10 baada ya kurutubisha. Kwa nyuzi 22 mara mbili, saa ya 14 na ya 26. Acha kabisa mayai yanapokaribia kuangua, saa sita za mwisho usiguse, maana kifaranga aliyetoka kwenye ganda hana kinga uliyoitegemea.

Chumvi yako haikushindwa kwa sababu ni mbovu. Gramu moja au mbili kwa lita inapunguza kasi tu, na kiasi kinachoizuia saprolegnia barabara kinayaumiza mayai pia. Chumvi iweke kwa samaki wazazi: gramu 10 kwa lita, dakika 10 hadi 15, baada ya kukamua, kwa sababu mikwaruzo ya nyavu na vidole ndiyo inayoota pamba mgongoni siku ya tatu. Kati ya mzunguko na mzunguko, fremu na mabeseni viloweke saa moja kwenye jiki, mililita 60 za ile ya 3.5% kwa lita 10 za maji, suuza mpaka harufu iishe, anika juani mpaka vikauke kabisa. Vijimbegu haviwezi ukavu.

Kaka yako wa Tanga amesema kweli, ila anazungumzia kiumbe mwingine. Ugonjwa wa ukungu wa matumbawe uliosomwa zaidi ni wa gorgonia za bahari ya Karibi, matumbawe laini yaliyo bapa kama pepeo. Ulionekana miaka ya 1990, na msababishi akatambuliwa kuwa Aspergillus sydowii, ukungu wa kweli, ndugu wa ule unaoota kwenye mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri, na mwenyeji wa udongo wa kawaida. Tumbawe linajibu kwa kuzungushia kidonda pete ya zambarau, na katikati nyama inaliwa mpaka kinabaki kiunzi kitupu. Nao ulichanua zaidi maji yalipopata joto, karibu nyuzi 30, kwa sababu huo ukungu unapenda joto hilo na tumbawe linachoka. Matumbawe magumu yana fangasi wanaoishi ndani ya mifupa yao hata yakiwa na afya. Wakitoboa kuelekea kwenye nyama, tumbawe linawazibia kwa safu mpya ya chokaa ngumu. Saprolegnia yako ni ya maji yasiyo na chumvi, haiwezi chumvi ya bahari.

Ndugu halisi wa saprolegnia aliyeko baharini anamhusu kaka yako kwa njia nyingine. Lagenidiamu na haliftorosi, hao ni wa ukoo wake, wanashambulia mayai na viluwiluwi wa kaa wa mikoko. Jike akibeba mayai tumboni, yale ya pembeni yanapauka kwanza. Lakini anayenenepesha kaa waliokamatwa wakubwa hana mayai ya kulinda, kwa hiyo hilo si lake mpaka siku atakapotaka kuzalisha mwenyewe. Wafuga kamba ndio wanaopata fusariamu, ukungu wa kweli unaofanya matamvua yawe meusi, na hakuna dawa nzuri yake zaidi ya kupunguza msongamano na kuondoa wagonjwa.

Na moja la mwisho, maana unauza samaki hai. Ukiona kambale mkubwa ana vidonda vyekundu vilivyochimba ndani ya nyama, bila pamba au na pamba kidogo tu pembeni, hiyo si saprolegnia ya kawaida. Inaweza kuwa Afanomaisisi invadansi, ndugu mwingine wa saprolegnia, iliyoingia mto Chobe na Zambezi kusini mwa Afrika mwaka 2006 na 2007 na kushika kambale na samaki wengine wengi wa mtoni. Sato huihimili, kambale hawaihimili. Huo ni ugonjwa wa kutolewa taarifa: usimuuze, usimtibu, usimrudishe ziwani. Mweke kwenye ndoo yenye barafu, umpigie afisa uvuvi wa halmashauri yako siku hiyo hiyo.